Maneno manane, meno ishirini: barua ya wazi kwa wanaosimamia shule za awali

Kwa maafisa wa elimu ya awali, walimu wakuu wa shule za chekechea na viongozi wa huduma za afya ya mtoto.

Waheshimiwa,

Mwanangu alipoanza chekechea alikuwa na miaka mitatu na nusu na maneno manane. Nayakumbuka yote, maana niliyaandika kwenye karatasi nikaibandika ukutani, nikawa nasubiri la tisa. Mama, baba, maji, mpira, twende, gari, lala. La nane lilikuwa la kwake mwenyewe, "bwa", na hilo lilibeba kila kitu kilichobaki duniani. "Sitaki" halikuwamo. Wala "nisaidie", wala "inauma", wala "imetosha". Maneno yalikuwa manane, lakini meno yake ishirini yalikuwa yameshaota yote, na alichoshindwa kukisema kwa ulimi alikisema kwa hayo.

Shule ya kwanza alikaa wiki tano. Simu ilikuwa ikiita kabla ya saa nne asubuhi: "Mama, njoo umchukue mwanao, ameng'ata tena." Niliondoka kazini mara sita. Kwenye daftari la taarifa zake waliandika: ameng'ata, amepiga, amesukuma, amevuta nywele. Kurasa tatu za namna hiyo, na hakuna hata mstari mmoja uliosema kilichotangulia. Wiki ya tano nilikabidhiwa begi lake na maneno ya heri. Shule ya pili walinipa methali. "Mchelea mwana kulia hulia yeye," aliniambia mwalimu aliyekuwa akimpokea getini, na nikaelewa kwamba mle ndani mwanangu alikuwa akichapwa. Nilimtoa mwenyewe. Shule ya tatu tulimkuta mwalimu aliyejua la kufanya, na ndiyo sababu leo nina la kuandika. Tulimpata kwa bahati. Naandika kwenu ili mtoto mwingine asihitaji bahati.

Kabla sijaendelea, nataka niseme kuhusu mtoto aliyeng'atwa. Mama yake alinisubiri nje ya lango siku moja, akamfunua binti yake mkono. Alama ya meno ilikuwa imegeuka zambarau, naweza kuihesabu mpaka leo nikifumba macho. Hakunitukana. Aliniuliza tu, "Nimwambie nini huyu kesho asubuhi akikataa kuja shule?" Sikuwa na jibu. Yule mtoto ana haki ya kucheza bila hofu, na hakuna neno katika barua hii linalopunguza haki hiyo. Lakini kumwondoa mwanangu hakukuwalinda watoto. Kulihamisha meno yake kutoka shule moja hadi nyingine, kwa watoto wengine, akiwa bado na maneno yaleyale manane.

Mnajua, kama wanavyojua wote waliokaa na watoto wadogo, kwamba kupiga, kusukuma na kung'ata si jambo geni kwa mtoto wa miaka miwili. Richard Tremblay, mtafiti wa Kanada aliyefuatilia watoto kwa miaka mingi, alionyesha kwamba binadamu hutumia mikono kwa ugomvi zaidi kati ya miaka miwili na minne kuliko wakati mwingine wowote wa maisha yake, kisha kwa wengi ugomvi huo hupungua wenyewe. Hupungua kwa sababu kuna kitu kinakuja kuchukua nafasi ya mikono: lugha, na uwezo wa kujizuia unaokua pamoja nayo. Sasa mchukueni mtoto ambaye lugha haikuja kwa wakati. Umri unasonga, mwili unakua, taya linapata nguvu, lakini njia yake ya kudai haki yake imebaki ileile ya mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Mnapomwona wa miaka minne anang'ata, mnaona mkorofi. Ni mtoto aliyeachwa kituoni wakati wenzake wote walishapanda.

Na si mmoja wala wawili katika nchi nzima. Tatizo la ukuaji wa lugha pekee, lile lisilotokana na uziwi wala usonji wala maradhi mengine yanayojulikana, huwapata takriban watoto 7 katika kila 100 wanaoanza shule. Katika darasa la watoto 30, hao ni wawili. Ongezeni wenye usonji, wenye usikivu hafifu na wenye ulemavu wa akili. Kila mwalimu wa chekechea atakutana nao, na wengi wa walimu hao hawajafundishwa hata saa moja kuhusu jambo hili. Siwalaumu walimu. Wa shule ile ya kwanza alikuwa binti mdogo, peke yake na darasa zima, na siku moja nilimkuta analia chooni.

Nirudi kwa mwalimu wa shule ya tatu. Siku ya kwanza hakuniuliza mtoto anang'ata mara ngapi. Aliniuliza, "Huwa kunatokea nini kabla?" Sikujua. Miezi yote ile sikujua, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameniuliza. Alichukua daftari la kawaida akapiga mistari miwili wima, zikatoka safu tatu: kabla, tendo, baada. Akaniomba na mimi nifanye hivyohivyo nyumbani kwa wiki mbili. Wapi, saa ngapi, nani alikuwa karibu, kulikuwa na kelele gani, nini kilikuwa kimetoka kukatishwa, na sisi wakubwa tulifanya nini baada ya hapo.

Wiki mbili zilipoisha tuliweka madaftari mawili mezani. Zaidi ya nusu ya matukio yalikuwa wakati wa kubadilisha shughuli, hasa pale watoto walipoitwa ghafla kutoka uwanjani na kupangwa foleni wakisukumana. Mengine yalikuwa pale mtoto mwenzake alipochukua mpira alioushika. Na yaliyobaki hayakuwa na mpangilio wowote, mpaka mwalimu alipogundua kwamba yalirundikana kwenye siku ambazo nilikuwa nimeandika pembeni "ana mafua".

Akasema, mpelekeni apimwe masikio.

Walikuta maji nyuma ya ngoma za masikio yote mawili. Mtoto alikuwa akisikia kama mtu aliyezama kwenye beseni. Kwa miaka miwili kila mtu alikuwa ameniambia, "Mtoto huyu hasikii," na mimi mwenyewe nilimwambia hivyo nikiwa nimekasirika: husikii wewe! Tulikuwa tukisema kweli, na hakuna kati yetu aliyesikia alichokuwa akikisema.

Ndugu zangu wa upande wa afya, hapa ndipo mnapoingia. Mtoto mwenye maneno machache anayepiga wenzake apimwe usikivu kabla mtu yeyote hajampa jina la tabia. Kuna mwongozo unaofahamika kuhusu watoto wachanga: kupimwa kabla ya mwezi mmoja, kuthibitishwa tatizo kabla ya miezi mitatu, kuanza msaada kabla ya miezi sita. Ni mwongozo mzuri, ila maji ya sikio huja baadaye, yakaja na kuondoka, na mtoto aliyefaulu kipimo siku alipozaliwa anaweza kuwa hasikii vizuri akiwa na miaka mitatu. Baada ya sikio, tafuteni maumivu. Jino lililooza, koo, kufunga choo, usingizi mbovu. Sisi wakubwa tukiumwa jino tunakuwa wakali nyumbani, na sisi tuna neno "jino".

Naomba pia neno "subirini" lipunguzwe kliniki. Niliambiwa mara tatu kwamba wavulana huchelewa, ataongea tu. Ni kweli kwamba baadhi ya waliochelewa huwafikia wenzao bila msaada. Lakini hakuna anayeweza kumtazama mtoto wa miaka miwili mlangoni akajua yupi atafika na yupi hatafika. Mtoto wa umri huo ambaye hajafikisha kama maneno 50 na hajaanza kuunganisha mawili mawili, anastahili kuonwa. Aliyekuwa na maneno kisha yakapotea, wa umri wowote, aonwe mara moja.

Masikio yalipotibiwa hakuamka kesho yake akiongea. Lugha iliyokosa miaka miwili hairudi kwa wiki. Katikati hapo alihitaji kitu cha kushika, na mwalimu alimpa kadi tatu zenye picha, zimefungwa kwenye kamba kiunoni: "imetosha", "nisaidie", "zamu yangu". Hakuanza na picha za wanyama wala rangi, ambazo ndizo nilizokuwa nikimfundisha mimi kwa bidii yangu yote.

Nilipouliza kwa nini hizo, nikajifunza jambo ambalo natamani liandikwe kwenye ukuta wa kila ofisi ya mwalimu. Mwaka 1985 watafiti wawili wa Marekani, Edward Carr na Mark Durand, walichapisha kazi waliyoifanya na watoto wanne wenye ulemavu wa ukuaji waliokuwa na tabia za kuvuruga na kuumiza. Waliangalia kwanza kila mtoto anafanya vile wakati gani: kazi ikiwa ngumu, au wakubwa wasipomtazama. Kisha wakamfundisha sentensi ya kuomba kitu hichohicho. Wa kazi ngumu alifundishwa kusema kwamba haelewi, na alisaidiwa. Wa kutaka kutazamwa alifundishwa kuuliza kama anafanya vizuri, na alisifiwa. Tabia zilishuka sana. Na walipowafundisha sentensi isiyohusiana na haja yao, hazikushuka. Hapo ndipo uzito ulipo. Mtoto anayepiga ili aachwe apumzike hasaidiwi na kujua kusema "mpira". Anasaidiwa na "imetosha", na mtu mzima anayeiheshimu anapoiona.

Wazazi wenzangu waliniogopesha kwamba kadi zitamfanya mvivu wa kuongea, na hofu hiyo naisikia hata kwa walimu. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2006 na Millar, Light na Schlosser yalitazama watoto na watu wazima waliopewa picha, ishara za mikono au vifaa vya kutoa sauti. Katika kesi 27 zenye ushahidi madhubuti zaidi, hakuna hata mmoja aliyepungukiwa na usemi, na asilimia 89 waliongeza. Mwanangu aliinua kadi ya "imetosha" kwa miezi miwili. Kisha siku moja aliinua kadi na kusema "tosha". Kisha akaisahau kadi.

Nisiwadanganye kwamba ilikuwa rahisi. Wiki ya pili ya kadi hali ilikuwa mbaya kuliko mwanzo. Alikuwa amezoea kwamba meno hufungua mlango, na sasa mlango haufunguki kwa meno, akasukuma kwa nguvu zaidi, kama tunavyofanya wote na kitasa kilichokwama. Aling'ata mkono wa mwalimu. Mwalimu hakupiga kelele na hakuvuta mkono kwa ghafla, kwa sababu kuvuta ndiko huchana ngozi. Aliusogeza mkono ndani kidogo mpaka taya likalegea, akasema neno moja, "Hatung'ati", kwa sauti ya kawaida, akageukia kwanza mtoto mwingine aliyekuwa ameogopa. Kisha akamwekea mwanangu kadi mkononi, akamsaidia kuinyoosha, na alipoinyoosha akamtoa kwenye kelele dakika hiyohiyo. Hakumhutubia, wala hakumlazimisha kusema samahani kwa mdomo usio na neno hilo. Ingekuwa shule nyingine, wiki hiyo ndiyo angefukuzwa, siku tatu kabla ya mambo kuanza kubadilika.

Ndiyo maana nataka mtazame tena hukumu mnayoitumia kuliko zote, ya kumrudisha mtoto nyumbani. Daftari letu lilionyesha kwamba anang'ata ili atoke kwenye kelele na msukumano. Shule ile ya kwanza ilimfanyia nini aking'ata? Ilimtoa kwenye kelele, ikampigia simu mama yake, na baada ya nusu saa alikuwa nyumbani kwenye utulivu, mapajani mwangu. Mara sita. Hatukuwa tunamwadhibu. Tulikuwa tunamfundisha, kwa uvumilivu na kwa kurudia, kwamba neno la kutoka shuleni ni jino. Alijifunza vizuri sana, kwa sababu hana tatizo la akili, ana tatizo la maneno.

Fimbo nayo inafundisha. Watu hunisomea "samaki mkunje angali mbichi", na mimi nakubaliana na methali hiyo kabisa, mtoto anakunjika akiwa mdogo. Swali ni kumkunja kuelekea wapi. Mtoto asiyeelewa maelezo marefu haelewi kwamba kiboko ni adhabu ya jambo la dakika tano zilizopita. Anachokiona ni mtu mkubwa aliyekasirika na kumpiga mdogo, naye ataenda kukifanya kwa mdogo wake. Kumfunga, kumfungia chumbani, kumlaza kifudifudi na kumkandamiza ili atulie, hayo siyataji kama mbinu. Kumkandamiza mtoto namna hiyo kunaweza kumzuia kupumua.

Sasa ombi langu. Natamani liwe kanuni iliyoandikwa, isibaki huruma ya mwalimu mmoja. Mtoto wa shule ya awali mwenye usemi mdogo asiondolewe shuleni, kwa muda au moja kwa moja, kabla hajapimwa masikio na kuchunguzwa maumivu, kabla shule haijaweka daftari la safu tatu kwa angalau wiki mbili, na kabla hajapewa njia ya kusema yale mambo machache ambayo daftari limeonyesha anayatafuta, na muda wa kuizoea. Katika kipindi hicho shule iwe na mpango wa kuwalinda wengine: mtu mzima wa kukaa naye karibu kwenye saa ambazo daftari limezitaja, onyo la dakika chache kabla ya kubadilisha shughuli, picha ya "kwanza hiki, kisha kile", yeye kutangulia au kuwa wa mwisho kwenye foleni badala ya katikati. Mwalimu wetu alipomfanya mwanangu awe wa mwisho na kumpa kazi ya kufunga mlango, matukio ya foleni yalikaribia kwisha. Haikuhitaji fedha.

Mengine yanahitaji fedha, na hilo liko mikononi mwenu. Mwalimu mmoja na watoto arobaini hawezi kuiona kadi iliyoinuliwa. Asipoiona mara tatu, mtoto hurudi kwenye meno, na atakuwa na haki. Wekeni mwalimu msaidizi. Wekeni mtaalamu wa lugha na matamshi, hata mmoja kwa shule nyingi, anayepita kwa ratiba inayojulikana. Mwaka 2005 Walter Gilliam wa Chuo Kikuu cha Yale alichapisha utafiti wa madarasa ya awali yanayogharimiwa na serikali za majimbo nchini Marekani. Aligundua kwamba watoto hao wadogo walikuwa wakifukuzwa kwa kiwango kinachozidi mara tatu kile cha wanafunzi wa madarasa yanayofuata, hadi mwisho wa sekondari. Lakini walimu waliokuwa na mtaalamu wa tabia wa kuwatembelea darasani walifukuza wachache zaidi. Mwalimu mwenye mtu wa kumuuliza hafikii upesi mahali pa kukata tamaa.

Wazazi nasi tufundishwe. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo kwa walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 wenye ucheleweshaji wa ukuaji: vikao tisa vya kikundi na ziara tatu za nyumbani, na yanaweza kuendeshwa na watu wasio madaktari bingwa. Na mnapotuita shuleni, msituite kama washtakiwa. Mzazi anayeambiwa amemdekeza mtoto ataficha kwamba nyumbani pia yeye mwenyewe hupigwa na kung'atwa na mtoto huyo. Mimi nilificha. Nilivaa mikono mirefu kwa mwaka mzima, na daktari angejua mapema kama ningeikunja.

Serikali nyingi zimeshatia saini haya ninayoyaomba. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ibara ya 28, unataka nidhamu ya shule iendeshwe kwa kuheshimu utu wa mtoto. Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ibara ya 24, unakataza mtu kutengwa na mfumo wa elimu kwa sababu ya ulemavu wake, na unapoeleza maana ya mawasiliano unazihesabu njia mbadala za kuwasiliana. Kadi tatu za mwanangu zimo humo.

Ana miaka mitano sasa. Anaunganisha maneno matatu, mara nyingine manne, na watu wa nje bado hawamwelewi vizuri. Mwezi uliopita alimpiga mwenzake kwa sababu ya bembea, kisha akasimama, akatafuta kiunoni kadi ambayo haipo tena, akasema, "Zamu angu." Muhula ujao anahamia darasa la kwanza, kwa mwalimu ambaye sijamjua, kwenye chumba chenye watoto wengi zaidi. Nimekata kadi mpya tatu na daftari nimeshalipiga mistari. Naomba kabla ya siku hiyo mmoja wenu anijibu kama mwalimu huyo ataambiwa ni za nini.

Wenu kwa heshima,
Mama wa mtoto wa maneno manane